UZI: Vyeti vya TEHAMA na mshahara. Kipi kinaongeza kipato na kipi kinajaza CV tu?

KeboYaBluu

Wakuu, salaam. Kila wiki kuna mdogo wetu anauliza humu: nikifanya CCNA (cheti cha msingi cha mitandao cha Cisco) mshahara utapanda? Mmoja anamjibu "karatasi tu hizo", mwingine anamwambia "bila vyeti huendi popote", na yeye anabaki palepale. Tuliweke sawa jambo hili, kwa hesabu na kwa sababu.

Ninavyoliona, mwajiri haongezi mshahara kwa kuwa umefaulu mtihani. Anaongeza pale ambapo kuna mtu wa tatu anayekidai cheti hicho, na mwajiri asipokionyesha anapoteza kitu.

Mtu wa tatu wa kwanza ni zabuni. Nyaraka za zabuni za kujenga mtandao, kufunga seva au kukagua mifumo huwa na kipengele cha wataalamu muhimu: mhandisi mwenye CCNP (ngazi ya juu ya CCNA), msimamizi wa mradi mwenye PMP (cheti cha usimamizi wa miradi), mkaguzi mwenye CISA (cheti cha ukaguzi wa mifumo), nakala za vyeti ziambatishwe. Kampuni isiyo na jina la kuweka hapo inatolewa kwenye tathmini ya awali, bei yake haiangaliwi hata kama ndiyo ya chini kuliko zote.

Wa pili ni kampuni inayotengeneza vifaa. Cisco, Microsoft, Fortinet na wenzao wana madaraja ya washirika wanaouza bidhaa zao, na idadi ya wahandisi wenye vyeti ni moja ya vigezo. Daraja likipanda, punguzo la vifaa linaongezeka. Kwa Cisco, mtu mmoja anahesabiwa kwa mshirika mmoja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukihama unaondoka na hesabu hiyo. Muulize bosi wako taratibu: mimi nimesajiliwa kwenye orodha ya ushirika? Akisema ndiyo, una hoja ya mshahara. Akisema hana ushirika wowote, cheti hicho kwake ni pongezi tu.

Wa tatu ni mdhibiti. Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa mtandao kwa mabenki mwaka 2017. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ya kwake ni ya 2022. Taasisi inayokaguliwa kila mwaka inataka watu ambao mkaguzi wa nje hataanza kuhoji sifa zao.

Sasa angalieni majedwali ya mishahara ya Marekani yanayozunguka mtandaoni kuhusu Security+, cheti cha CompTIA cha misingi ya usalama wa mifumo. Kule Wizara ya Ulinzi iliweka agizo la 8570 mwaka 2004, ambalo sasa nafasi yake imechukuliwa na 8140: mtu anayesimamia usalama wa mifumo yao sharti awe na sifa zilizo kwenye orodha, na Security+ ni mojawapo. Mshahara ule unabebwa na agizo lile. Dodoma na Nakuru agizo hilo halipo. Mtihani ni uleule, ila thamani haisafiri pamoja nao.

SevaYaMtaani

Nakubaliana na sehemu kubwa, mkuu, ila umeruka kundi moja: asiye na kazi kabisa. Huyo hatafuti nyongeza, anatafuta kuitwa kwenye usaili. Tangazo la nafasi moja ya msaada wa watumiaji linapata maombi mamia, na anayechambua mara nyingi ni afisa rasilimali watu ambaye hajui VLAN ni nini. Anachojua ni kutafuta neno "CCNA" kwenye CV. Kwa mtu huyo cheti kina kazi, hata kama hakuna zabuni wala mdhibiti.

Ila faida hiyo inaisha haraka. Miaka miwili kazini, CCNA pekee haikutofautishi tena na mwenzako.

KeboYaBluu

Sawa kabisa @SevaYaMtaani. Nilizungumzia nyongeza tu. Mlango wa kuingilia ni suala jingine, na hapo naungana nawe.

HesabuKwanza

Kabla hatujaenda mbali, tuweke fedha mezani, maana wengi wanahesabu nyongeza kabla ya makato.

Mfano wa Tanzania, sekta binafsi, mshahara baada ya kutoa NSSF umeshavuka 1,000,000 kwa mwezi. Umepewa nyongeza ya 200,000. NSSF 10% ni 20,000. Zinabaki 180,000 ambazo kodi yake ni 30%, yaani 54,000. Mkononi inafika 126,000. Kama unalipa mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, 15% ya mshahara wa msingi, ondoa 30,000 nyingine. Inabaki 96,000.

Mtihani wa CCNA ni dola 300. Tukichukua dola kwa 2,600 ili hesabu iwe nyepesi, ni 780,000. Asiye na mkopo anarudisha fedha yake mwezi wa 7. Mwenye mkopo, mwezi wa 9. Ukifeli mara moja na kulipa tena ni 1,560,000, na mwenye mkopo anasubiri zaidi ya miezi 16. Cheti chenyewe kinadumu miaka 3. Kwa hiyo kulipia mtihani kabla hujawa tayari ni kula karibu nusu ya muda wa cheti.

Sijaweka mafunzo, kifurushi cha intaneti, wala nauli ya anayetoka Mbeya kwenda kituo cha mtihani Dar.

NairobiUptime

Niongeze ya Kenya. Tuseme mtu ako na mshahara wa 120,000 na amepita kikomo cha NSSF, kisha akaongezwa 20,000. SHIF (bima ya afya) 2.75% ni 550, ada ya nyumba 1.5% ni 300. Zinabaki 19,150 za kutozwa kodi, 30% yake ni 5,745. Inaingia 13,405. Dola 300 kwa 129 ni 38,700, kwa hivyo miezi mitatu pesa imerudi. Shida ya huku siyo kurudisha gharama, shida ni kuipata hiyo nyongeza kwa mwajiri yuleyule. Kwa kawaida inakuja ukihamia kwingine. Waajiri wengi hupanga nyongeza kwa asilimia moja ya jumla kila mwaka, na bajeti hiyo haina mstari wa "fulani amepata cheti".

Mwanachuo_3

Shikamooni wakuu. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu asiye na uzoefu na mwenye bajeti ya mtihani mmoja tu, aanze na kipi?

SevaYaMtaani

Marahaba. Usianze na kulipa. Angalia kwanza chuo chako kama ni Cisco Networking Academy au Huawei ICT Academy, maana huko kuna masomo ya bure, na mara nyingine vocha za punguzo au za mtihani mzima kwa wanaofanya vizuri. Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao, utaipakua bure kwa akaunti ya Networking Academy, na inatosha kwa karibu mada zote za CCNA.

Kisha fungua matangazo 30 ya kazi za mji unaotaka kufanya kazi, ya miezi mitatu iliyopita. Andika kwenye daftari kila cheti kilichotajwa na weka alama kikijirudia. Kinachoongoza kwenye daftari lako ndicho cha kulipia. Hiyo inachukua jioni moja na haidanganyi kama video za "vyeti 10 vinavyolipa zaidi duniani".

Kama ni CCNA, msimbo wa mtihani ni 200-301. Mgawanyo wake: uunganishaji wa IP 25%, misingi ya mitandao 20%, ufikiaji wa mtandao, yaani VLAN (kugawa swichi moja kuwa mitandao kadhaa), tranki (kiungo kinachobeba VLAN nyingi), STP (kinga ya mizunguko) na Wi-Fi, 20%, usalama 15%, huduma za IP 10%, otomatiki 10%. Kuna watu wanatumia miezi miwili kwenye otomatiki kwa sababu inavutia, kisha wanashindwa kugawa sabneti (kukata mtandao vipande vidogo) ndani ya sekunde 40. Mtihani ni dakika 120 na huwezi kurudi swali la nyuma. Ukibofya kuendelea, limekwenda.

MinaraNaMawimbi

Naona hakuna aliyetaja MikroTik, na watoa intaneti wadogo wengi mitaani wanaendesha biashara nzima juu ya ruta hizo. MTCNA, cheti chao cha msingi, haina mtihani wa kujisajili peke yako: unafanya darasa na mkufunzi aliyeidhinishwa, kwa kawaida siku tatu, na mtihani unafanyika mwishoni. Maswali 25, dakika 60, kufaulu ni 60%. Ukipata kati ya 50 na 59 unapewa nafasi ya kurudia palepale. Kinadumu miaka 3.

Kinalipa wapi? Kwa mtoa huduma wa mtaa mwenye wateja 300 wanaoingia kwa jina na nywila (PPPoE), anayetaka mtu wa kupanga foleni za kasi na kuzuia mtandao usilale saa 2 usiku kila mtu akiwa anaangalia mpira. Huyo hahitaji CCNP. Na kwa aliyejiajiri, mteja hakulipi kwa cheti, anakulipa kwa kazi: kufunga, kurekebisha, mkataba wa matunzo wa kila mwezi. Cheti kinakusaidia kuandika bei bila kushushwa sana.

Mkaguzi_wa_Mifumo

Nije kwenye CISA, kwa sababu kwa ukanda wetu naiona ndiyo yenye uhusiano wa wazi zaidi na mshahara, na ndiyo watu wanayoielewa vibaya kuliko zote.

Kufaulu mtihani siyo kuwa CISA. Mtihani ni maswali 150, saa 4, alama 450 kwenye kipimo cha 200 hadi 800. Baada ya hapo unahitaji miaka 5 ya uzoefu wa ukaguzi, udhibiti au usalama wa mifumo, iliyothibitishwa na msimamizi wako. Shahada na sifa nyingine zinaweza kukupunguzia miaka isiyozidi 3 kati ya hiyo. Una miaka 5 tangu kufaulu kuomba cheti, ukichelewa unarudia mtihani. Wapo wanaoandika "CISA" kwenye CV baada ya kufaulu mtihani tu. Mwajiri akikagua jina kwenye daftari la ISACA, chama kinachotoa CISA, halipo, na usaili umeishia hapo. Andika "nimefaulu mtihani wa CISA, mwezi na mwaka fulani". Ni kweli na inaheshimika.

Gharama: mtihani ni dola 575 kwa mwanachama na 760 kwa asiye mwanachama. Wengi wanaona tofauti ya 185 na kukimbilia uanachama, lakini uanachama wenyewe ni dola 145 kwa mwaka, na juu yake ada ya tawi. Ombi la cheti ni dola 50. Matunzo ya kila mwaka ni 45 kwa mwanachama, 85 kwa asiye mwanachama. Kwa miaka mitatu ya matunzo, asiye mwanachama anatumia 760 + 50 + 255 = 1,065. Mwanachama anatumia 575 + 50 + 435 + 135 = 1,195, kabla ya ada ya tawi. Uanachama unakuwa na maana kwa sababu nyingine: semina za bure zinazokupa saa za mafunzo endelevu. Unahitaji angalau 20 kila mwaka na 120 kwa miaka mitatu. Ukizinunua moja moja nje ya uanachama, zile 130 zinaisha haraka sana.

Kinacholipwa ni nini? Benki, bima na kampuni za simu zina vitengo vya ukaguzi wa ndani vinavyoripoti kwenye kamati ya bodi, na makampuni ya ukaguzi yanatoza wateja kwa saa, saa ya mwenye CISA ikiuzwa ghali kuliko ya asiye nayo. Ndiyo sababu mwajiri hasiti kulipa.

Na jamani, mtu wa mitandao anayechukia kuandika ripoti asifuate CISA kwa ajili ya mshahara. Kazi yenyewe ni kusoma sera, kuomba ushahidi, kuchukua sampuli na kuandika.

Mwanachuo_3

Na wingu, yaani seva za kukodi mtandaoni, je? AWS Cloud Practitioner, cheti cha mwanzo cha wingu la Amazon, imezagaa sana LinkedIn.

NairobiUptime

Imezagaa kwa sababu ni dola 100 na haina sharti lolote. Ni ya kuelewa lugha. Inamfaa mtu wa mauzo au meneja. Kwa mhandisi, anzia Solutions Architect Associate, SAA-C03: dola 150, maswali 65, dakika 130, kufaulu 720 kati ya 1000. Kati ya hayo 65, 15 hayahesabiwi lakini huambiwi ni yapi. Ukifaulu mtihani wowote wa AWS unapata punguzo la 50% la mtihani unaofuata, kwa hivyo wenye subira hutumia Practitioner kama njia ya kushusha bei ya Associate: 100 + 75.

Jambo ambalo wengi hawalijui: AWS inatoa dakika 30 za ziada kwa wale ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Sisi tumo. Lazima uombe kwenye akaunti kabla ya kuweka tarehe ya mtihani. Ukiomba mara moja inatumika kwa mitihani yote inayofuata.

Onyo kwa wanaofanya mazoezi kwenye akaunti halisi: NAT Gateway (lango la seva za ndani kutokea intaneti) inatoza kwa saa hata kama hakuna kinachopita. Kwa eneo la Virginia ni dola 0.045 kwa saa, zaidi ya dola 32 kwa mwezi. Weka tahadhari ya bajeti siku ya kwanza, na ukimaliza zoezi futa kila kitu, pamoja na anwani za IP zilizobaki peke yake.

Lakini kwa kazi za mbali, zile za kulipwa kwa dola ukiwa Kisumu au Arusha, waajiri wanatazama zaidi mitihani ya vitendo. CKA ya Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi), inayotolewa na Linux Foundation, ni saa 2 kwenye kompyuta halisi, hakuna maswali ya kuchagua, kufaulu 66%, dola 445 zikiwa na nafasi moja ya kurudia bure na vipindi viwili vya mazoezi. Kinadumu miaka 2. Mwishoni mwa Novemba Linux Foundation hutoa punguzo kubwa, hakuna haja ya kununua Septemba. RHCSA, cheti cha Red Hat cha kusimamia Linux, nayo ni vitendo: unahitaji 210 kati ya 300, na kila ulichosanidi lazima kibaki baada ya mashine kuwashwa upya. Ukikosea mstari mmoja wa fstab (faili la diski za kufungua mashine ikiwaka) na mashine isiwake, kazi yote nyingine haihesabiki.

HesabuKwanza

Hapo kwenye vitendo natia mkazo, maana ndipo tatizo la dampu linapoonekana. Mtu anakariri maswali yaliyoibwa, anapata CCNA kwa alama za juu, anafika usaili anawekewa hali hii: ruta mbili jirani zinazopeana njia kwa OSPF zimekwama kwenye hatua ya EXSTART, kwa nini? Jibu la kwanza la kuangalia ni MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) kutolingana pande mbili. Au: VLAN 20 ina anwani ya IP kwenye swichi lakini imelala. Angalia kama VLAN yenyewe imeundwa, na kama kuna mlango hata mmoja ulio hai ndani yake au tranki inayoibeba. Upande wa AWS: seva inapokea maombi lakini majibu hayarudi, kundi la usalama (fayawoli ya seva) liko sawa. Angalia NACL (kichujio cha sabneti), haikumbuki mawasiliano, lazima uruhusu milango ya kurudi 1024 hadi 65535.

Aliyefanya maabara anajibu haya akiwa anakunywa maji. Aliyekariri anaanza kutaja tabaka saba za nadharia ya mitandao. Na zaidi ya aibu, Cisco na wenzake wana haki ya kufuta vyeti vyote vya mtu aliyebainika na kumfungia mitihani.

SevaYaMtaani

Tuseme na yanayoharibika siku yenyewe, maana hapo watu wanapoteza dola 300 bila kujibu swali.

Jina. Kitambulisho cha NIDA kinasema Juma Ally Hassan, akaunti ya Pearson VUE, kampuni inayoendesha mitihani, inasema Juma Ali. Unakataliwa mlangoni na ada haiwezi kurudi. Sahihisha wiki mbili kabla.

Mtihani wa nyumbani. Dirisha la kuingia linafunguka dakika 30 kabla. Ukichelewa zaidi ya dakika 15 unahesabiwa hukufika. Fanya jaribio la mfumo kwenye laptop ileile, mtandao uleule, chumba kilekile, na saa ileile ya siku. Laptop ya ofisini yenye VPN na fayawoli ya kampuni ndiyo inayoangusha wengi, tumia ya binafsi. Mtu akiingia chumbani, hata mtoto, msimamizi anaweza kusitisha. Na umeme ukikatika, ruta ikizimika, kesi yako inaanza barua pepe za wiki nzima. Kama mtaa wako una mgao, nenda kituoni. Nauli ni nafuu kuliko kurudia.

Vocha. Zina tarehe ya mwisho na nyingine zimefungiwa nchi. Vocha ya bei ya kutupa kwenye kundi la Telegram huenda imenunuliwa kwa kadi ya wizi, na ikibainika matokeo yako yanafutwa.

Ukifeli: CCNA unasubiri siku 5, AWS siku 14. CompTIA jaribio la pili halina kusubiri, la tatu siku 14.

TGS_Daima

Wakuu, mmesahau watumishi wa umma. Huku mshahara unafuata muundo wa utumishi: shahada, daraja, miaka, na ikama yenye bajeti. Ukileta CCNP kwa afisa utumishi inaingia kwenye faili, haihamishi daraja. Faida yake inapita pembeni: kuteuliwa kwenye kikosi cha mradi, safari za kikazi, au kuhamia taasisi yenye muundo wake wa mishahara. Kwa aliye serikalini anayetaka kupanda ndani ya mfumo, shahada ya uzamili inaweza kuwa na uzito kuliko vyeti vinne. Soma muundo wa kada yako kabla ya kulipia chochote.

PwaniMuscat

Na kwa wanaotazama Ghuba: matangazo mengi ya Dubai, Doha na Muscat yanataja CCNA au CCNP kwa jina, hilo ni kweli. Lakini bila shahada iliyothibitishwa na wizara ya mambo ya nje na ubalozi, cheti kinaweza kukupa usaili na visa ikakwama. Oman nayo imekuwa ikifunga orodha za kazi kwa wageni, na mwaka 2018 kazi za mifumo ya habari zilikuwemo. Hakikisha kwanza kazi hiyo iko wazi kwa wageni, ndipo ulipie mtihani.

KeboYaBluu

Ahsanteni, uzi umenona. Nimalizie mawili.

Kuomba nyongeza: usiende na cheti peke yake. Nenda na majina ya zabuni ambazo CV yako iliambatishwa, daraja la ushirika unalolishikilia, na kazi iliyokuwa inapelekwa kwa mkandarasi wa nje ambayo sasa unaifanya wewe, pamoja na ankara yake ya mwisho. Nenda kabla bajeti ya mwaka haijafungwa. Kwa waajiri wengi wanaofuata mwaka wa Januari, hiyo ni Septemba au Oktoba.

Mwajiri akikulipia mtihani, soma mkataba wa kurudisha gharama. Mwaka mmoja unaopungua kila mwezi ni wa haki: ukiondoka baada ya miezi 9 unarudisha robo. Miaka mitatu kwa mtihani wa dola 300 ni kamba shingoni, usisaini.

Mwanachuo_3

Nashukuru sana wakuu. Swali la mwisho: miaka mitatu ikiisha ni lazima kurudia mtihani uleule?

KeboYaBluu

Hapana. CCNA inahuishwa kwa pointi 30 za mafunzo endelevu, na Cisco hutoa baadhi bure mara kwa mara, au kwa kufaulu mtihani wa juu kama ENCOR, ambao pia unakuwa nusu ya CCNP. Security+ ikipatikana inahuisha Network+ na A+ zako, vyeti vya CompTIA vilivyo chini yake. Vyeti vya kazi vya Microsoft, mfano AZ-104 (msimamizi wa wingu la Azure), vinaisha kila mwaka, ila kuhuisha ni bure mtandaoni kupitia Microsoft Learn, na dirisha linafunguka miezi 6 kabla. Ukichelewa siku moja baada ya tarehe, unalipa na kufanya mtihani mzima upya. Weka ukumbusho kwenye simu leo, tena kwa barua pepe yako binafsi. Ukisajili kwa barua pepe ya ofisi au ya chuo, siku ukiondoka inafungwa na taarifa za kuisha hazikufikii.